Nusu ya Kamba ya Marehemu

Sehemu ya kumi na moja

Mlionipigia simu wiki nzima, poleni. Mama mmoja wa Kahama ameapa kwamba nikimfunga Salvina hatanunua tena gazeti hili, ataanza kufungia vitumbua kwa magazeti ya wenzetu. Tulia, mama. Twende mahakamani tukaone.

Tulimwacha Salvina kizimbani, na Hakimu ameuliza kwa mara ya pili: "Mshtakiwa, unakubali kosa au unakataa?" Na kutoka benchi la nyuma, kaka yake wa tumbo moja, Sostenes, alikuwa amesimama na kupaza sauti: "Kubali, Salvina! Kubali yaishe!"

Hakimu alimtazama juu ya miwani. Hakimu Dorah ni binti wa Tanga, ana miezi minne tu huku kwetu, lakini mchezo hataki.

"Wewe ni nani?"

"Kaka yake, mheshimiwa."

"Wewe ndiye umeshtakiwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi kaa chini. Ukifungua mdomo tena, leo unalala mahabusu."

Sostenes alikaa. Funguo za pikipiki yake mpya zilikuwa zinalia mkononi, anazizungusha kidoleni bila kukoma.

Salvina alitazama chini. Miguuni alikuwa na ndala kuukuu. Moja ilikatika asubuhi wakati anatoka, Sostenes akaifunga pale pale mlangoni kwa ukanda wa mpira wa tairi, mizunguko mitatu na msalaba juu, jinsi anavyofunga kila kitu. Tangu msiba huyu kaka alihamia kwa dada yake, akaja na begi moja na panga, akasema amekuja kulinda mji. Kaka wa namna hiyo humsikilizi?

Salvina hakumsikiliza.

"Nakataa kosa, mheshimiwa."

Kwa wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani na hujui lolote, nitasema upesi. Salvina, au Mama Kamili, ni mzaliwa wa Ushirombo, mjane wa Mayala. Mayala alifia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huko machimbo ya Isambala upande wa Geita. Ikasemwa kamba ilichakaa, ikakatika wakati anashuka. Hata mbuzi wa Isambala walijua duara lile ni la Boaz, tajiri mwenye ghorofa pale Kambarage, Shinyanga mjini. Lakini alipoitwa ofisi ya kata, Boaz aliweka saini kwenye karatasi: duara silijui, marehemu simjui. Duara halikuwa na leseni, na maiti haina mdomo, kwa hiyo mambo yakaishia hapo. Mjane alibaki na mtoto wa miaka sita na nakala ya karatasi ile.

Sasa ameshtakiwa kwa kuiba kamba. Kamba ile ile iliyomuua mumewe. Akipatikana na hatia anaweza kwenda jela, na Kamili atalelewa na jirani yao Paskalina, ambaye ana wa kwake saba.

Na mimi na wewe, msomaji, tunajua asilolijua Hakimu: kamba aliichukua kweli. Aliichukua saa sita mchana, akapita nayo begani katikati ya machimbo, akasalimia watu wote. Alitaka kushtakiwa! Mtu haibiwi kitu kisicho chake. Boaz akiitaka kamba, itabidi asimame aape kwamba ni yake. Mwenye kamba ndiye mwenye duara, na mwenye duara ndiye wa kumjibu mjane.

Mtego ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba ulinasa panya.

Aliyesimama kama mlalamikaji hakuwa Boaz. Alikuwa Nestory, msimamizi wake, kijana wa kutumwa. Boaz mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, kavaa kofia ya pama, anachezea simu kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Mshtakiwa, muulize maswali mlalamikaji," alisema Hakimu.

"Kaka Nestory, hii kamba ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulinunua wapi?"

"Katoro."

"Duka la nani?"

Nestory alikohoa. "Duka... lile la pale stendi."

"Risiti unayo?"

"Nani anadai risiti ya kamba?"

Watu walicheka. Salvina hakucheka.

"Kwenye hati ya mashtaka umesema kamba ni ya pima ngapi?"

"Arobaini. Kamba ya katani, pima arobaini. Naijua kamba yangu."

"Mheshimiwa, naomba ipimwe."

Kamba ilikuwa mezani, kielelezo namba moja, imeviringishwa. Hakimu aliwatazama wazee wa baraza waliokaa kulia na kushoto kwake. Kushoto Bi Mwanaima, muuza dagaa mstaafu. Kulia Mzee Maige, aliyechimba dhahabu miaka thelathini akaacha vidole viwili huko chini. Mzee Maige alishuka, akainyoosha kamba kwa mikono yake, pima moja, pima mbili, huku mahakama nzima inahesabu naye.

Ilifika ishirini, ikaisha.

"Ishirini," alisema Mzee Maige. "Kamili."

"Kaka Nestory, nyingine ishirini iko wapi?"

Nestory aligeuza shingo kutazama benchi la nyuma.

"Usimtazame huyo!" Hakimu alimkemea. "Huyo si shahidi wako. Jibu."

"Sijui, mheshimiwa. Labda... labda imeliwa na panya."

Hapo hata karani alicheka. Hakimu Dorah hakucheka. Aliandika mistari miwili akaweka kalamu.

"Mlalamikaji hajui alikonunua, hajui urefu, hajui nusu iko wapi. Sioni kesi ya kujibu hapa. Mshtakiwa ninakuachia huru. Na kwa kuwa mlalamikaji ameshindwa kuonyesha kuwa kamba ni yake, irudishwe kwa aliyekutwa nayo."

Paskalina alipiga kigelegele kule nyuma. Sostenes alijifuta jasho, akashika mlango ili atoke. Imekwisha!

"Mheshimiwa," alisema Salvina, "naomba usiniachie."

Kigelegele kilikatikia njiani.

"Umenielewa, mama? Nimesema nenda nyumbani."

"Nimekuelewa. Lakini mwenye kamba yumo humu ndani, na nikitoka hivi hivi nitaitwa mwizi mpaka nazikwa. Asimame aseme ni yake. Nikifungwa, nifungwe."

Watu walinong'ona kwamba mjane wa Mayala amerukwa na akili. Boaz hakuinua macho kwenye simu.

"Siwezi kumlazimisha mtu kudai mali," alisema Hakimu.

"Sawa, mheshimiwa. Basi nipe. Nikifika nyumbani naikata vipande, naitia jikoni, nampikia mwanangu uji. Katani inawaka vizuri."

Sasa nisikilize. Isambala wana mambo yao. Wanasema kamba iliyoshuka na marehemu ikichomwa moto, dhahabu yote ya duara hilo inakimbia, mnabaki mnaponda mawe ya kujengea choo. Mimi siamini. Lakini pia sijawahi kuzika mtaji wa ng'ombe hamsini kwenye shimo. Boaz alikuwa amezika, na tangu Salvina aichukue kamba ile, duara lilikuwa halijatoa hata chembe. Nusu ya vijana wake walikuwa wamejazana madirishani pale mahakamani kusikia kamba inakwenda wapi.

"Atachoma!" alisema mmoja dirishani. "Huyu mama atachoma kweli!"

"Mimi sirudi chini," alisema mwingine.

Simu ya Boaz ilirudi mfukoni. Kofia ilitoka kichwani.

"Kamba ni yangu!"

Salvina alifumba macho kidogo. Alikuwa amelisubiri neno hilo miezi kumi na minne.

Hakimu hakufurahi. "Ulikuwa umekaa humu unasikiliza ushahidi wote, halafu sasa ndiyo unajitokeza?"

"Nilimwamini kijana, mheshimiwa. Kijana ni bure kabisa." Nestory alitazama viatu vyake. Boaz alishika Biblia, akaapa, akasimama pale kifua mbele kama mtu aliyekuja kutoa mchango wa kanisa.

Mimi Boaz simpendi, na sitaki kujifanya.

"Shikamoo, baba," Salvina alianza.

"Marahaba," Boaz alijibu kwa mazoea. Mtu mmoja akaguna.

"Kamba ni yako?"

"Ni yangu, nimeshasema."

"Ya kazi gani?"

"Ya kushushia watu kwenye duara."

"Duara la nani?"

"Langu! La Isambala. Nani asiyejua?"

"Ni lako tangu lini, baba?"

"Mwaka wa nne huu. Uliza yeyote hapo dirishani. Nimelichimba toka pima ya kwanza, nimelisha vijana sitini. Leo mwanamke mmoja aje abebe kamba yangu begani kama kuni?"

"Asante, baba."

Salvina aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Karani aliipeleka mbele. Hakimu aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, taratibu: "Mimi Boaz, nathibitisha kwamba duara alimofia marehemu silijui, si langu, wala marehemu simjui." Aliigeuza ili Boaz aione. "Saini ni yako?"

Boaz alitazama saini ile kana kwamba ni ya mtu aliyemkopa.

"Nilikuwa naumwa siku ile, mheshimiwa. Nilikuwa na homa."

"Mume wangu alikufa Machi mwaka jana," alisema Salvina. Sauti yake sasa ilikuwa imepanda. "Machi mwaka jana duara lilikuwa la nani?"

Boaz alianza kuvaa kofia yake.

"Jibu," alisema Hakimu.

"Langu."

"Sema wasikie dirishani!"

"Langu! Langu! Sasa?"

Sitawadanganya kwamba Salvina alilia. Alifurahi. Alifurahi kwa uchungu, hadi akashika mbao za kizimba kwa mikono miwili. Mwaka mzima mtu huyu alimpita sokoni kama haoni mtu, na alipoenda kwake kuomba sanda, mlinzi alimwambia tajiri hajui habari za wafu. Leo ametapika mwenyewe, chini ya kiapo, mbele ya vijana wake.

Lakini Boaz si mtu wa kufa kwa rungu moja. Aliinua mkono.

"Mheshimiwa, haya, tumekubaliana. Duara langu, kamba yangu. Basi huyu aliyeichukua ni mwizi wangu! Amethibitisha mwenyewe. Naomba afungwe."

Jamani! Paskalina alishika kichwa. Hakimu alimgeukia Salvina, na usoni alionekana kumhurumia.

"Mama, nilikuachia ukakataa. Sasa mwenye mali amepatikana. Kamba uliichukua, hukuichukua?"

"Niliichukua."

Kaka yake alitoa mguno huko mlangoni.

"Nilichukua changu," aliongeza Salvina.

"Chako kwa vipi?"

Salvina alimgeukia Mzee Maige. "Babu atakuambia."

Mzee Maige aliomba ruhusa, akamwuliza Boaz swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Wane, mwanangu, hii kamba nani aliikata katikati?"

Hakimu aliuliza kuna nini kwenye swali hilo, naye mzee akamweleza. Isambala, mtu akifia duarani, kamba yake haipandishi mawe tena. Mwenye duara huikata katikati kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa msimamizi. Nusu anaifukia mlangoni pa duara. Nusu anampa mfiwa. Asipoikata, hakuna mchimbaji anayekubali kushuka.

"Na huyu hajawahi kuniletea nusu yangu," alisema Salvina. "Aliikata kwa siri, akazificha zote mbili bandani kwake, maana kunipa mimi ni kukiri. Nilipoingia bandani nilikuta vipande viwili. Nikachukua kimoja, nikaacha kimoja. Mwizi gani anaacha nusu?"

"Boaz," alisema Hakimu, "uliikata wewe?"

Tazama alivyobanwa! Akisema hakuikata, vijana wale dirishani hawashuki tena kesho wala mtondo. Akisema aliikata, nusu ni ya mjane. Boaz alitazama dirisha, akatazama Hakimu, akatazama tena dirisha. Dhahabu ikashinda.

"Niliikata," alisema. "Kwa mkono wangu."

Hakimu aliinama kwa Bi Mwanaima, akainama kwa Mzee Maige. Haikuchukua hata dakika tano.

"Mtu anayechukua kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ni haki yake, sheria haimwiti mwizi. Wazee wa baraza wameniambia mila ya pale, na mwenye kamba amekiri kuikata. Mshtakiwa hana hatia. Na maneno ya Bwana Boaz kuhusu duara na kifo cha marehemu yatapelekwa polisi leo hii. Bwana Boaz, usitoke nje ya jengo hili."

Safari hii kigelegele cha Paskalina kilifika mwisho. Dirishani walipiga makofi. Boaz alikaa bila kuitwa, amevimba kama chura wa masika. Salvina alimtazama kwa muda mrefu, naye akainamisha uso. Raha iliyoje!

Mngeniachia hapo, ningelala vizuri. Lakini Mzee Maige hakuwa ameachia kamba.

Alikuwa amekaa nayo mapajani, anaipapasa kwa vidole vyake vitatu, ncha moja, kisha ncha nyingine. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa mpira. Alianza kuufungua.

"Mheshimiwa, kabla hujafunga jalada. Hii ncha ameikata Boaz, amesema. Hii nyingine ndiyo ilikuwa juu, kwenye gogo la kuzungushia. Ndiyo tuliyoambiwa imechakaa ikakatika, siyo?"

"Ndivyo nilivyosoma," alisema Hakimu.

"Katani ikichakaa inachanika nyuzi nyuzi, inakuwa kama mkia wa ng'ombe." Alivuta mpira wa mwisho, akainua ncha juu watu waione. Ilikuwa imenyooka. Nyuzi zote zilikuwa sawa, kama zimepimwa. "Hii haikuchakaa. Hii imekatwa kwa panga, pigo moja. Kijana alikuwa bado ananing'inia."

Bi Mwanaima aliinuka kitini aione vizuri.

"Halafu mtu akaifunga mpira ili isionekane," alisema mzee, akauweka mpira ule mezani. Ulikuwa bado umejikunja jinsi ulivyofungwa. Mizunguko mitatu, na alama ya msalaba juu.

Salvina aliuona. Alikuwa amekaa na kamba ile siku mbili chumbani kwake kabla polisi hawajaichukua, na mpira ule hakuugusa, kwa sababu aliuzoea. Mpini wa jembe lake umefungwa hivyo. Kigari cha Kamili kimefungwa hivyo.

Alitazama miguu yake.

"Siku ile," Hakimu aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nani alikuwa juu, ameshika kamba?"

Boaz aliinua uso. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu, tabasamu la mtu anayezama akapata wa kuzama naye.

"Mimi panga sikushika, mheshimiwa. Nilinunua pikipiki tu. Muulizeni shemeji wa marehemu."

Watu wote waligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nje, pikipiki ilikuwa inapigwa teke, inagoma, inapigwa teke tena, kisha ikaitika.

"Mkamateni!" Hakimu alimpigia kelele askari. Dirishani waliruka, mlangoni wakasukumana. Salvina peke yake hakukimbia. Alivua ndala, kwanza ile iliyofungwa mpira, akaziweka juu ya ukingo wa kizimba mbele ya macho ya Hakimu.

"Mheshimiwa, umesema nusu ile ni yangu?"

"Ni yako, mama. Lakini sasa ni kielelezo cha mauaji. Itabaki hapa."

"Ibaki," alisema Salvina. Alishuka kizimbani pekupeku, akapita mbele ya Boaz bila kumtazama, kana kwamba Boaz sasa ni mtu mdogo. "Panga lililoikata liko kwangu uvunguni. Mwaka mzima nalipasulia kuni. Naenda kulichukua kabla mwenyewe hajafika."